Nilinunua Zumu, Nikasahau Mwanga

Kwa miaka minne nilipiga picha zangu zote kwa simu, na sikuwa na malalamiko mpaka siku nilipomwona mdiria. Alikuwa ametua juu ya kigingi katikati ya maji, hatua kama arobaini kutoka nilipokuwa, mdomo mrefu, kifua cheupe, ametulia kabisa. Nikanyoosha vidole viwili kwenye kioo cha simu nimvute karibu. Akaja, lakini kadiri alivyokuja ndivyo alivyozidi kumeguka, mpaka nikabaki na madoa manne ya rangi ambayo mimi peke yangu nilijua kuwa ni ndege. Usiku huo niliamua kununua kamera. Sikujua kwamba uamuzi huo ungenila miezi kumi na sita, kamera mbili, na fedha ambazo ningeweza kusafiria safari nyingine nzima.

Haya nayaandika kwa ajili ya mtu aliye pale nilipokuwa mimi usiku ule: anataka kamera moja tu, isiyohitaji begi la lenzi, ya kumpiga ndege mchana na kuwapiga watoto jioni.

Kamera za namna hiyo zipo, na huitwa kamera za daraja, kwa kuwa zimekaa katikati ya kamera ndogo ya mfukoni na kamera kubwa ya kubadilisha lenzi. Umbo lake ni la kamera kubwa, lina kishikio kinachojaa mkononi na kidirisha cha kuchungulia kwa jicho, ila lenzi ni moja na haitoki. Lenzi hiyo moja inaanzia pana sana na kuvuta mbali sana. Nilipozisoma habari zake moyo ulinidunda. Nikaona nimepata.

Hapo ndipo nilipoanza kukosea. Kila kamera niliyoitazama ilikuwa na namba kubwa ya zumu ubavuni, ile ya uwezo wa kuvuta karibu: mara 25, mara 50, mara 65, mara 83. Nikaziweka kwenye daftari, kubwa juu, ndogo chini, kama msimamo wa ligi. Sikujiuliza hata siku moja namba ile inahesabu nini. Kumbe ni uwiano tu: urefu wa lenzi ikiwa imevutwa hadi mwisho, ugawanye kwa urefu wake ikiwa pana kabisa. Nikon Coolpix P900, iliyotoka mwaka 2015, inaanzia milimita 24 na kufika 2000, ukigawanya unapata 83. Canon PowerShot SX70 HS ya mwaka 2018 inaanzia 21 na kufika 1365, ukigawanya unapata 65. Namba hiyo haikuambii picha itakuwa safi kiasi gani, wala kamera itahitaji mwanga kiasi gani. Kamera inayoanzia pana zaidi hupata namba kubwa hata kama haifiki mbali kuliko mwenzake. Kwa hiyo tazama milimita zenyewe, mwanzo na mwisho, hizo wanazoandika kuwa zinalingana na filamu ya milimita 35, kipimo cha pamoja cha kulinganisha kamera tofauti. Simu nyingi kwenye kamera yake kuu huwa na milimita 24 hadi 28, basi hapo una kipimo cha kuanzia.

Kamera niliyoinunua mwisho wake ulikuwa milimita 1200. Jina lake siliandiki, maana haikuwa na kasoro. Aliyekosea ni aliyeichagua. Muuzaji aliniuliza swali moja tu, "Kaka, unataka kuona mbali?" Nikasema ndiyo. Akaniambia hii inafika mwezini. Hakunidanganya.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya furaha tupu. Nilitoka nje usiku, nikaiweka kamera juu ya ukuta, nikavuta mpaka mwisho, na mwezi ukajaa chini kidogo ya nusu ya kimo cha picha, mashimo yake yakionekana moja moja kwenye mstari ule ambapo nuru inakutana na giza. Nilimwamsha mama aje aone. Picha ile ninayo mpaka leo na bado naipenda. Kama na wewe utajaribu, usisubiri mwezi mpevu. Ukiwa nusu, vivuli huwa virefu na mashimo hujitokeza. Ukiwa mpevu unapata sahani nyeupe isiyo na sura. Weka kamera juu ya kitu kisichotikisika na utumie kipima muda cha sekunde mbili, kwa sababu hata kidole kubonyeza kitufe kinatosha kuiharibu.

Kisha nikasafiri. Nilirudi kwenye maji yale, safari hii kwa mtumbwi, nikiwa na kamera shingoni na uhakika moyoni.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba kwenye milimita 1200 unachungulia ulimwengu kupitia tundu la sindano. Upana wote unaouona ni kama nyuzi mbili hivi. Ndege yuko pale, unamwona kwa macho yako, lakini ukiweka jicho kwenye kidirisha unaona maji, tena maji, kisha tawi ambalo hujui ni la mti upi. Ukimpata, mtumbwi unayumba na anapotea. Asubuhi ile nilipoteza ndege wengi kwa kuwatafuta huku lenzi imevutwa mpaka mwisho. Dawa yake ni rahisi na ninatamani mtu angeniambia mapema: anza lenzi ikiwa pana, mweke ndege katikati, kisha vuta polepole bila kuondoa jicho. Baadhi ya kamera hizi zina kitufe ubavuni mwa lenzi, ukikibonyeza lenzi inapanuka kwa muda ili umtafute aliyepotea, ukikiachia inarudi ilipokuwa. Yangu ilikuwa nacho. Nilikigundua nikiwa nimesharudi nyumbani, nikisoma kitabu cha maelekezo ambacho ningepaswa kukisoma kabla ya kufunga begi.

La pili ni mtikisiko. Mafundi wa zamani wana kanuni kwamba kasi ya shata, yaani ule muda mfupi ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, isiwe chini ya moja juu ya urefu wa lenzi. Ukiwa kwenye 1200, basi sehemu ya 1/1200 ya sekunde. Kamera za sasa zina kitulizaji ndani ya lenzi na zinakuruhusu kushuka chini ya hapo kwa mbali, lakini kitulizaji kinatuliza mkono wako tu, hakimtulizi ndege wala mtumbwi. Picha zangu nyingi za asubuhi ile ni ndege wawili wawili waliopishana kidogo, kama anayetazamwa na mtu mwenye machozi.

La tatu sikulitegemea kabisa. Kufika saa tano jua lilikuwa kali, mkono wangu ulikuwa umetulia juu ya ukingo wa mtumbwi, shata ilikuwa 1/1600, na bado picha zilitoka laini kama zimepigwa nyuma ya kioo chenye mvuke. Nilidhani lenzi imeharibika. Nikaifuta, nikapiga tena, hali ile ile. Yalikuwa ni yale yale yanayoleta mazigazi barabarani: hewa moto inapanda, inachanganyika na iliyo baridi zaidi, na mwanga unapopita humo unapinda huku na huku. Kadiri unavyovuta mbali ndivyo unavyoipiga picha hewa hiyo pamoja na kitu chenyewe. Hakuna kamera ya bei yoyote inayotibu hilo. Ama unatoka alfajiri, ama unasogea karibu.

Betri iliisha kabla ya saa saba. Kamera hizi zinawasha skrini au kidirisha muda wote na zinaendesha lenzi kwa mota, hivyo makadirio ya watengenezaji ya picha mia tatu na kitu kwa chaji moja huyeyuka haraka ukiwa mtu wa kuvuta na kurudisha. Nunua betri ya pili siku ile ile unayonunua kamera. Ukipanda ndege, betri za akiba zikae kwenye begi la mkononi, zisiende kwenye mzigo unaowekwa chini, na ncha zake zifunikwe zisigusane na chuma.

Kuna jambo moja la siku ile ambalo si la ufundi. Jioni tukirudi, nilimwona mzee akishona wavu ufukweni, mwanga wa jua linalozama umempiga ubavuni. Nikavuta nikiwa mbali, nikapiga picha sita. Nilipopita karibu yake aliniita.

"Mwanangu, ulikuwa unanipiga picha mimi?"

"Shikamoo mzee. Ndiyo."

"Marahaba. Basi ungekuja."

Hakukasirika. Alisogeza wavu nipate pa kukaa. Nikakaa, nikamwonyesha picha, na alipokubali nikampiga nyingine kwa lenzi iliyo pana, nikiwa karibu naye kiasi cha kusikia uzi ukipita kwenye sindano. Zile sita za mbali nilizifuta mbele yake. Lenzi ndefu inakupa uwezo wa kumchukua mtu bila yeye kujua, na nadhani kila anayeinunua anapaswa kulifikiria hilo kabla ya kufikiria kitu kingine chochote.

Lakini kilichonifanya niiuze kamera ile hakikutokea majini. Kilitokea sebuleni kwetu.

Dada yangu alikuwa amejifungua, na jioni moja tukakutana wote. Bibi akampakata mtoto. Taa ilikuwa moja, upande wa kushoto, na bibi aliinamisha uso mpaka pua yake ikagusa nywele za mtoto. Nilikuwa upande wa pili wa chumba. Nikavuta kidogo, si mpaka mwisho, nikapiga.

Kwenye skrini ndogo ya kamera ilionekana nzuri. Nilipoifungua kwenye kompyuta nilinyamaza. Kivulini kulikuwa na chenga tupu, nukta za rangi nyekundu na kijani zikitambaa kama runinga iliyopoteza mawimbi. Na pale ambapo kamera ilijitahidi kuziondoa chenga hizo, ilifuta na ngozi. Mikunjo ya vidole vya bibi, ile niliyoifahamu tangu utotoni, ilikuwa imelainishwa ikawa kama nta. Nywele za mtoto zilikuwa doa moja la kahawia. Nilikaa na picha ile muda mrefu. Ndipo nilipoanza kusoma kwa dhati, sasa si kuhusu zumu, bali kuhusu mwanga.

Nieleze kwa urefu, maana hapa ndipo fedha inapotelea. Ndani ya kamera kuna kihisi, kile kibamba kinachopokea mwanga. Kamera nyingi za zumu kubwa zina kihisi cha aina inayoandikwa 1/2.3, chenye upana wa kama milimita 6.2 na kimo cha 4.6, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Si uzembe wa watengenezaji. Ni kwa sababu ya udogo huo ndipo lenzi ya kama milimita 215 halisi inafanya kazi ya 1200 na kuingia kwenye begi la begani. Kihisi kikiwa kikubwa, na lenzi lazima iwe kubwa. Huwezi kupata vyote viwili; unachagua.

Juu ya hilo, lenzi yenyewe inazidi kuwa na giza unapovuta. Ukubwa wa tundu lake huandikwa kwa f, na namba ikiwa kubwa tundu ni dogo. Yangu ilianzia f/2.8 ikiwa pana na kuishia f/6.5. Ukipiga hesabu, mwanga unaofika mwisho ni chini ya sehemu moja ya tano ya ule wa mwanzo. Jua la mchana linafidia. Balbu ya sebuleni haiwezi. Kamera inapokosa mwanga inapandisha ISO, yaani inakikuza kile kidogo ilichopata, na chenga zinakuzwa pamoja nacho.

Kuna kundi la pili la kamera za daraja, zenye kihisi kinachoitwa cha inchi 1. Jina linapotosha, limerithiwa kutoka mirija ya kamera za video za zamani. Kipimo halisi ni milimita 13.2 kwa 8.8. Hata hivyo eneo lake ni mara nne ya kile kidogo. Humo kuna Panasonic Lumix FZ1000 ya mwaka 2014, inayofika milimita 400 kwa f/4, na Sony RX10 IV ya mwaka 2017, inayofika 600 kwa f/4 na kushika fokasi haraka sana kwa vitu vinavyokimbia. Hiyo ya pili ina uzito wa zaidi ya kilo moja, na bei yake ilikuwa juu ya uwezo wangu. Niliitamani, sitaficha.

Safari hii sikuandika msimamo wa ligi. Nilifungua picha zangu zote za miezi kumi na moja. Kila picha inahifadhi ndani yake milimita zilizotumika, kasi ya shata, ISO na saa, na programu nyingi za kutazama picha zitakuonyesha. Nilikaa jioni mbili nikihesabu. Katika picha 1,860, zilizopita milimita 600 zilikuwa 143, na kati ya hizo nilizozihifadhi kwa kuzipenda zilikuwa 11, nne zikiwa za mwezi. Zilizopigwa ndani ya nyumba au baada ya jua kuzama zilikuwa zaidi ya 700. Mimi niliyejiona mpiga ndege, nilikuwa mpiga watu wa jioni. Kama una simu tu, fanya hesabu hiyo hiyo kwa simu: picha ngapi ulivuta, ngapi zilikuwa gizani, ngapi ulizikosa kwa sababu ulikuwa mbali. Ifanye kabla hujaenda dukani.

Niliuza kamera ya kwanza kwa kidogo zaidi ya nusu ya bei niliyonunulia. Iliuma. Nikaongeza, nikanunua FZ1000 iliyotumika, na hapo nilikuwa mwangalifu kupita kiasi, labda. Kwenye kamera ambayo lenzi haitoki, mota ya zumu ikifa ni kama kamera yote imekufa, hivyo niliivuta mpaka mwisho na kuirudisha mara kumi nikisikiliza kama kuna kukwaruza. Nikapiga ukuta mweupe tundu la lenzi likiwa dogo, f/8, nikatafuta madoa meusi. Vumbi likishanyonywa ndani na lenzi inayotoka na kuingia, kulitoa ni kazi ya fundi. Nikamulika lenzi kwa tochi ya simu kutafuta ukungu. Nikazungusha kila kirungu, nikabonyeza kila kitufe. Kamera mbili za kwanza nilizoonyeshwa nilizikataa, moja kwa vumbi, nyingine kwa sababu kirungu cha juu kilikuwa kinaruka namba. Muuzaji wa ile ya pili aliona namsumbua. Sawa tu.

Sisemi kila mtu afanye kama mimi. Rafiki yangu anahesabu ndege kila alfajiri, hapigi picha ndani ya nyumba, na kamera yake ya milimita 2000 imempa ndege ambao mimi sitawapata kamwe. Yeye alijijua kabla ya kununua. Ila anayetaka kufika mbali zaidi akumbuke uzito: Nikon P1000, inayofika milimita 3000, ina zaidi ya kilo 1.4, na kitu hicho ukikibeba shingoni tangu asubuhi, kufika alasiri utakuwa unakiacha kwenye chumba cha kulala wageni. Na mtu wa mvua na vumbi aitazame Lumix FZ300: kihisi chake ni kile kidogo, lakini inabaki f/2.8 kuanzia milimita 25 mpaka 600 na imezibwa dhidi ya matone na vumbi. Mara kwa mara nafikiri ingenifaa safari zile za mtumbwini.

Nilichopoteza nakijua. Mdiria wangu sasa ni mdogo kwenye fremu. Lakini FZ1000 ina megapikseli 20, yaani nukta milioni 20 kwa picha, na nikikata nusu ya upana na nusu ya kimo nabaki na 5, kama nimepiga kwa milimita 800, na manyoya bado yanahesabika. Nimejifunza pia kuweka kikomo cha ISO, yangu isipite 3200, na kuhifadhi faili ghafi, ile ambayo kamera haijaisafisha, pamoja na picha ya kawaida kila ninapopiga jioni, ili kazi ya kupunguza chenga niifanye mwenyewe taratibu badala ya kuiachia kamera iamue kwa haraka. Mkanda wa shingoni niliubadilisha na wa begani unaopita kifuani. Hilo la mwisho ni dogo, lakini ndilo lililonifanya niibebe kila siku.

Mwezi uliopita tulikutana tena sebuleni, taa ile ile, upande ule ule wa kushoto. Mtoto sasa anakimbia na hakutaka kupakatwa, kwa hiyo bibi alimshika mkono tu, akimfundisha kufunga kifungo cha sweta. Sikuvuta. Nilisogea nikapiga magoti mbele yao, lenzi ikiwa pana, f/2.8, shata 1/125, ISO 1600. Ukiikuza picha ile unaona mkunjo mmoja mmoja kwenye kidole gumba cha bibi, na uzi wa bluu uliolegea kwenye tundu la kifungo, ambao mtoto alikuwa anauvuta.